Udongo Hauendi Popote

Pointe Noyer, Louisiana
Machi 11, 1985

Mheshimiwa Lucien,

Usinune. Najua umenikataza kukuita hivyo, lakini mimi baba yako wa ubatizo nilizunguka na gari langu bovu kuwabeba wapiga kura wako hadi breki zikafa, kwa hiyo nina haki ya kulitumia jina nililolipigania. Siku utakayokuja nyumbani utarudi kuwa Lucien, nami nitarudi kuwa Parrain, kama ulivyoniita tangu ulipoanza kusema.

Nakuandikia habari za mfereji. Unakumbuka watu wa kampuni ya mafuta ya Tarleton walivyochimba kinamasi nyuma ya shamba langu ili wapitishe mtambo wao. Walitoboa, hawakupata kitu, wakaondoka. Waliahidi kuuziba mdomo wa mfereji kwa mawe. Mpaka leo uko wazi kama mlango wa kilabu cha pombe, na maji ya bahari kutoka Ghuba yanaingia na kutoka yapendavyo. Kingo zinamomonyoka. Michungwa ya upande wa kusini imeanza kupukutisha majani. Nimeonja maji ya mtaro wangu, ni chumvi tupu.

Sitafuti fidia, hilo walielewe tangu mwanzo. Nataka mahakama iwaamuru wazibe, basi, kabla chumvi haijafika kwenye kile kilima chenye mialoni ambako Eulalie wangu amelala. Mwanamke yule aliyachukia maji ya chumvi maisha yake yote. Hata tulipokwenda fungate pwani alikaa ndani ya gari akisuka ukili.

Jana nilikuwa kwa Clovis, kinyozi, nikamkuta yule binti wakili, Theriot. Akaniambia, "Mzee Guidroz, nipe mimi kesi hiyo, nitaimaliza kabla ya joto kuanza." Nikamjibu, "Asante binti, ila mimi nina wakili anayezitunga sheria zenyewe. Ninyi wenzangu mnazisoma tu." Clovis alicheka mpaka akanikwangua sikio.

Kesi imepangwa Mei. Njoo na njaa, nitakuchemshia kamba wa mtoni na pilipili ya kukutoa machozi.

Parrain wako,
Ovide Guidroz


Baton Rouge
Mei 6, 1985

Parrain mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Baraza la kutunga sheria linakaa tangu asubuhi hadi taa ziwashwe, na nikitoka humo nakuta watu wa nyumbani wamepanga foleni mlangoni, huyu na pensheni yake, yule na barabara yake.

Kesi yetu imesogezwa hadi Septemba. Ni mambo ya ratiba ya mahakama, usiyaweke moyoni. Hoja zetu ni nzuri mno, na miezi michache haiwezi kuziharibu. Mfereji upo, ahadi yao ipo kwenye mkataba, na udongo hauendi popote.

Nina habari ya kukufurahisha. Nimeingizwa kwenye kamati ya barabara. Unajua maana yake? Daraja, Parrain. Lile daraja ambalo kila mgombea ameliahidi tangu mimi nikivaa kaptula. Watu wa Pointe Noyer hawatasubiri tena kile kivuko kinacholala mapema kuliko kuku. Mama yangu alimzaa kaka yangu juu ya kivuko kile kwa sababu dereva alikuwa anakula. Nikilipata daraja hilo, hata nisipofanya jambo lingine maishani, nitakuwa nimefaa.

Kamba niwekee ahadi tu.

Lucien


Pointe Noyer
Novemba 4, 1985

Mheshimiwa,

Udongo unaenda.

Kimbunga cha wiki iliyopita kiliisukuma Ghuba yote ndani ya ule mfereji. Maji yalikaa shambani kwangu kama mgeni aliyenogewa, na yalipotoka yalitoka na ukingo. Pale tulipokuwa tunafunga mashua ya marehemu baba yako, hapapo. Mfereji uliokuwa na upana wa trekta sasa mtu akisimama ng'ambo simtambui uso.

Septemba nilivaa suti, nikaenda mahakamani, karani akaniambia kesi imesogezwa tena. Nikarudi na suti yangu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua una kamati.

Ijumaa ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nililipaka kaburi la Eulalie chokaa, kama desturi ya siku hiyo, nikiwa nimevaa mabuti ya mvua. Maji hayakumfikia, lakini padri alipokuja kubariki alisimama mbali akarusha maji ya baraka kwa nguvu, kama mtu anayefukuza kuku. Eulalie angecheka.

Nakutumia sanduku la machungwa. Mwaka huu ni madogo, ila ganda likitoka ni yaleyale.

Parrain


Baton Rouge
Januari 20, 1986

Parrain,

Machungwa yamefika. Niliyagawa ofisini, na wawakilishi wa kaskazini, ambao hawajui tunda zaidi ya tufaha la kopo, wakaanza kunisalimia kwa heshima mpya.

Nimesikitika kusikia habari za ukingo. Nimeongea na karani na tumepata tarehe nyingine, baada ya kikao cha mwaka huu. Nakuomba uvumilivu kidogo. Kuna mambo yanaiva huku ambayo siwezi kuyaandika yote kwenye barua. Daraja limepita kamati ndogo. Sasa linahitaji kura za watu ambao si rahisi kuwapata, na kila mmoja ana mtu nyuma yake wa kumsikiliza. Nikikosea hatua moja nitarudi mwanzo.

Chokaa ya mwaka huu nitakuja kuipaka mimi. Naahidi.

Lucien


Pointe Noyer
Oktoba 13, 1986

Lucien,

Suti yangu imeanza kuzoea njia ya mahakamani, ikiona gari tu inajikunjua yenyewe. Safari hii wameniambia kuna kikao maalumu cha Baraza.

Miti ya kusini imekufa yote. Nimeikata kuni. Ya kati inatoa majani lakini haitoi maua. Mwaloni ule mkubwa uliokuwa ukiukwea ukimwibia Eulalie biskuti umekauka upande mmoja, ule wa majini.

Nina swali moja tu, na ningependa unijibu wewe mwenyewe, si karani wako. Kila nikienda naambiwa kesi "imesogezwa". Sasa mimi ni mtu wa mashamba. Nikikuta ng'ombe amesogezwa huwa nauliza nani kamsogeza.

Nani anaisogeza?

Chokaa ninayo, usijali. Najua una kikao.

Ovide


Baton Rouge
Desemba 29, 1986

Parrain,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara nimeikunja nikaenda kunywa kahawa. Sasa kahawa imekwisha.

Anayeisogeza ni mimi.

Sheria ya jimbo letu inasema wakili ambaye ni mwakilishi asilazimishwe kusimama mahakamani wakati Baraza linakaa. Akiomba kesi iahirishwe, jaji hana ruhusa ya kumkatalia. Ilitungwa kwa nia njema, ili watu wasikose kura yao kwa sababu mtu wao yuko mbele ya jaji mahali fulani. Mwaka juzi tuliipanua ikachukua na siku za kamati. Nilisema ndiyo nikiwa natafuna karanga, kisha tukaenda kula.

Mwanzoni ilikuwa ratiba kweli. Baadaye haikuwa ratiba. Watu wa Tarleton wana marafiki katika kamati ya barabara, na bila marafiki hao hakuna daraja. Nikisimama kuishtaki Tarleton, daraja linakufa. Nikijitoa kwenye kesi yako, nimekutupa. Kuahirisha kulinipa nafasi ya kutofanya lolote kati ya hayo mawili, na mimi nikajiita mwenye busara. Unajua kinachoniuma zaidi? Wakili yeyote mwingine, hata yule binti Theriot mwenye meza moja na feni mbovu, asingekuwa na uwezo wa kukucheleweshea hata wiki bila jaji kumhoji. Ni mimi tu niliyekuwa nao, kwa sababu wewe uliniweka hapa.

Naona haya, Parrain. Ukitaka nimkabidhi Theriot faili, litafika kwake wiki hii. Ukiniachia, kesi nitaipeleka mbele ya jaji mara tu daraja likishapigiwa kura. Hilo litakuwa kikao hiki kinachokuja, si zaidi.

Nashukuru kwa machungwa. Mwaka huu yametoka matamu kuliko mwaka jana, na makubwa. Labda shamba linapona.

Lucien


Pointe Noyer
Januari 9, 1987

Mwanangu,

Machungwa uliyoyasifu niliyanunua dukani. Yametoka Florida. Sikutaka Krismasi ipite hujapata sanduku lako.

Na mimi jibu lako nilikuwa nalo tangu Kwaresima. Jaji Himel alinikuta kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa pale ukumbi wa kanisa, akaja na sahani yake akakaa mbele yangu. Akasema, "Guidroz, unanionaje, jaji mvivu?" Nikamwambia sijasema hivyo. Akasema, "Lakini unafikiri. Basi muulize wakili wako. Mimi naipanga kesi yako, yeye ananiomba niipangue, na sheria waliyoitunga wao inanifunga mikono." Kisha akaniomba nimsogezee chumvi, tukacheka wote wawili, ingawa mimi nilicheka kwa adabu tu.

Nilikaa kimya nione kama utaniambia. Nilikaa hadi nikachoka, ndiyo maana nikauliza.

Sasa kuhusu Theriot. Mwaka huu ni wa uchaguzi. Nikikufukuza, mji mzima utauliza kwa nini, na kwa Clovis watapata jibu kabla sijafika nyumbani. Baba yako wa ubatizo mwenyewe kukuvua nguo sokoni, hapana. Nilikushika juu ya yale maji, unapiga kelele kama nguruwe, padri akaniuliza kama nitasimama nawe. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza kuhusu mifereji.

Kwa hiyo baki na faili. Lipate hilo daraja. Halafu fanya haraka.

Parrain


Baton Rouge
Februari 22, 1988

Parrain,

Tumeshinda.

Nilitaka nikupigie simu, lakini nikaona haya ni maneno ya kukaa nayo mkononi. Jaji Himel amesoma hukumu leo asubuhi. Tarleton wanapaswa kuuziba mdomo wa mfereji kwa mawe, kwa gharama yao, na kuanza kazi mara moja. Mawakili wao walikuwa na nyuso za watu waliokanyaga mwiba. Niliongea vizuri, Parrain, wacha nijisifu. Nilielezea shamba lako, kila mstari wa miti kwa jina lake, mpaka mwandishi wa mahakama akaacha kuchapa akaniangalia.

Najua nimechelewa. Baada ya kura ya daraja kulikuja kampeni, na kwenye kampeni nilipata sababu nyingine, kila wakati ninazo. Lakini imekwisha. Daraja linajengwa, mfereji utazibwa, na mimi kwa mara ya kwanza tangu ulipoandika ile barua ya swali moja nimelala usingizi.

Mwaka huu nakula kamba kwako.

Lucien


Pointe Noyer
Oktoba 10, 1988

Lucien,

Nimechelewa kujibu ushindi wako kwa sababu nilitaka kwanza kuuona.

Injinia wa Tarleton alikuja wiki iliyopita, baada ya miezi yote hii. Kijana mpole, amevaa viatu vyeupe. Nilimchukua kwa mashua. Tulikwenda mpaka nikazima mashine. Akatazama ramani yake, akatazama maji, akaniuliza, "Mzee, mdomo wa mfereji uko wapi?"

Nikamwambia, "Tunaelea juu yake."

Maji upande huu, maji upande ule. Kingo zote mbili zimekwenda, mwanangu, na kinamasi kilichokuwa nyuma yake kimekuwa ziwa. Akapima kwa mti mrefu, akatikisa kichwa. Akasema wangeuziba wakati kuna ukingo, mawe yangepata pa kuegemea. Sasa wakimwaga mawe yatalala chini kama sarafu kisimani. "Miaka miwili nyuma ilikuwa kazi ya wiki," akasema. Hakujua anamwambia nani. Nilimpa kahawa.

Hukumu yako nimeiweka kwenye fremu, iko ukutani karibu na picha ya Eulalie. Sikudhihaki. Uliitaja miti yangu kwa majina mbele ya watu, na hiyo si kitu kidogo.

Lakini kwenye kilima maji sasa yanalamba ngazi ya kaburi lake, lililojengwa kwa matofali juu ya ardhi. Mwezi ukiwa mpevu yanapanda juu zaidi. Nimeongea na padri na ukoo wake, wamekubali tumhamishe makaburi ya kanisani, ng'ambo ya daraja. Tutafanya asubuhi ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, ili jioni yake apate chokaa na baraka pamoja na wenzake. Jeneza lina mishikio minne. Mimi kichwani, Clovis kichwani upande wa pili, mpwa wake Eulalie miguuni. Kona ya nne ni yako. Alikulisha biskuti nyingi mno, hastahili kukukosa.

Njoo na viatu vibovu.

Parrain


Baton Rouge
Oktoba 27, 1988

Parrain mpendwa,

Tangu barua yako ifike sijaweza kufanya kazi ya maana. Naangalia ukuta, naona injinia na mti wake mrefu. Miaka miwili nyuma nilikuwa na kalamu mkononi, nikiomba muda.

Kwa sababu hiyo nimeandika mswada. Kampuni yoyote itakayochimba mfereji katika jimbo hili iuzibe kabla mtambo wake haujaondoka, la sivyo isipewe kibali kingine. Wapo wenzangu watakaouunga mkono, sikutegemea. Gavana ameitisha kikao maalumu na tumefaulu kuuingiza. Kura itapigwa Novemba mosi.

Nimezihesabu kura mpaka nimechoka na hazitoshi bila yangu. Parrain, shamba lako siwezi kulirudisha. Lakini kuna wazee wengine, wana michungwa yao, wana wake zao kwenye vilima. Nisipokaa kwenye kiti siku hiyo, nitakuwa nimewatupa nao.

Najua namna hili litakavyosikika likitoka kwangu. Nimeliandika na kulifuta. Naliandika tena: je, tunaweza kusogeza hadi Jumamosi ile inayofuata? Nitakuja Ijumaa, nilale kwako. Nitabeba kona zote nne ukitaka.

Nisamehe.

Lucien


Pointe Noyer
Novemba 3, 1988

Mwanangu Lucien,

Maji hayakusubiri Jumamosi, nasi hatukusubiri. Upepo ulikuwa wa kusini tangu Jumatatu.

Tulilivunja kaburi asubuhi, tofali kwa tofali, maji yakiwa yameshafika magotini. Jeneza lilikuwa zima. Mimi nilishika, Clovis akashika, kijana akashika, na kona ya nne ikabaki inaning'inia. Tulikuwa tunajadiliana nani aende kuita mtu, ndipo akaja Jaji Himel kwa mashua yake na ndoo ya chokaa. Mama yake naye yumo kwenye kilima kile, nilikuwa nimesahau.

Akatutazama. Akauliza, "Kona hii ya nani?"

Nikamwambia, "Ya wakili wangu. Ameomba iahirishwe."

Nilidhani atacheka, maana nami nilikusudia kicheko. Hakucheka. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka ndani ya mashua, akaingia majini na viatu vyake vya mahakamani. Akasema, "Hii hawakunifunga mikono." Akanyanyua.

Tulimweka kwenye gari la Clovis tukapita juu ya daraja lako. Nilikaa nyuma, mkono wangu juu ya jeneza, nilishike lisitingishike, lakini sikuwa na haja. Daraja ni zuri, Lucien. Halikutikisika hata kidogo. Eulalie alizoea kulalamika kwenye kile kivuko kwamba kinamchafua tumbo. Safari hii alivuka kimya.

Jioni padri alibariki makaburi yote. Usiku nikawasha redio nisikie habari za kura yako. Walisema mswada umesogezwa hadi kikao cha mwakani. Nilizima. Nilikaa pale jikoni nikalia, na nataka ujue kwamba sikulia kwa ajili ya shamba.

Najua ulikaa kwenye kiti chako siku nzima ukingoja kuitwa jina. Najua ulikuwa unamuwaza. Sina kinyongo nawe, na kama ningekuwa nacho ungekuwa umekijua zamani, kwa sababu sijui kuficha chochote isipokuwa machungwa.

Njoo kama ulivyosema. Hakuna kilichobaki cha kubeba, lakini kitanda nimekitandika. Kaburi jipya liko mstari wa pili kutoka getini. Upande mmoja nimeuacha bila chokaa.

Parrain wako,
Ovide